Paneli Itazame Mlima: Mwongozo wa Kufunga Sola ya Nyumbani Moshi na Arusha

Baba mkubwa wangu wa Kibosho alinunua paneli ya wati 100 akaifunga juu ya jiko la nje, lile la kuni. Nilipofika nikamwamkia, "Shikamoo baba mkubwa," naye hata kabla sijaweka mzigo chini akaninyooshea kidole juu ya paa. "Marahaba. Umeona? Nimeiweka pale bati linapochemka. Lile joto lilikuwa linapotea bure." Nikapanda kuangalia. Kioo kimeingia masizi, jani la mgomba limelalia pembe moja, na chini kuna betri ya gari ambayo tangu iletwe haijawahi kujaa. Taa zilikuwa zinawaka hadi saa 2 usiku, kisha giza.

Kosa lake ni la wengi. Tunasema "umeme wa jua", na jua kwetu ni joto. Paneli haihitaji joto. Inataka mwanga, na joto likizidi umeme wake unapungua. Ukishalielewa hilo, maswali mengi ya kufunga sola yanajijibu yenyewe, ndiyo maana nauanzia mwongozo huu ndani ya kioo kabla ya kufika kwenye waya na bolti. Mwenye haraka aruke sehemu inayofuata, ila kivuli kikimsumbua arudi hapa.

Kinachotokea ndani ya kioo

Itazame kwa karibu paneli ya wati 100 na utaona imegawanyika vipande vyeusi au vya bluu iliyokolea. Paneli za ukubwa huo, zilizotengenezwa kwa ajili ya betri ya volti 12, kwa kawaida huwa na vipande 36. Kila kipande ni seli, yenye unene usiozidi sehemu 0.2 ya milimita, na imetengenezwa kwa silikoni, elementi ileile iliyomo kwenye mchanga.

Atomu ya silikoni ina elektroni 4 za nje, na zote zimeshikamana na za majirani zake. Hakuna iliyo huru kutembea, kwa hiyo silikoni safi peke yake haina faida kubwa hapa. Kiwandani huchanganywa na vitu vingine kwa makusudi. Upande mmoja hutiwa fosforasi, yenye elektroni 5 za nje, na ile ya tano inabaki bila mwenza. Upande wa pili hutiwa boroni, yenye elektroni 3, na hapo panabaki tundu, yaani nafasi iliyokosa elektroni. Pande hizo zinapokutana, elektroni za ziada zilizo jirani na mpaka huvuka kwenda kuziba matundu. Upande wa fosforasi, kwa kuwa umepoteza elektroni, unabaki na chaji chanya. Wa boroni unabaki na chaji hasi. Pale mpakani pameshatokea nguvu ya umeme inayosukuma elektroni kuelekea upande mmoja tu, kama lango la zizi linalofunguka kwa nje.

Sasa mwanga unaingia. Mwanga husafiri kwa vifurushi vidogo vinavyoitwa fotoni. Albert Einstein alilieleza jambo hilo mwaka 1905, na ndiyo kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel ya fizikia ya 1921. Fotoni yenye nguvu ya kutosha ikigonga silikoni inang'oa elektroni mahali pake. Lile lango linaisukuma elektroni upande wa fosforasi, na kurudi ilikotoka kwa njia ileile haiwezi. Njia iliyobaki ni kupanda ile mistari myembamba ya fedha unayoiona juu ya seli, kutoka nje kwa waya, kupita kwenye taa au betri yako, kisha kuingia upande wa boroni. Safari hiyo ya mzunguko ndiyo umeme. Hakuna kinachosaga, hakuna kinachoungua, wala seli haipungui kitu.

Fotoni dhaifu za mionzi ya joto hazifikii nguvu ya kung'oa elektroni. Zinapita tu, au zinaipasha paneli moto. Zile zenye nguvu kupita kiasi nazo zinang'oa elektroni mojamoja, na nguvu iliyozidi inageuka joto. Ndiyo sababu paneli nzuri ya dukani leo hugeuza umeme takriban asilimia 20 hadi 22 tu ya mwanga unaoifikia. Si haba: seli ya kwanza ya silikoni iliyofaa kwa kazi, iliyoonyeshwa na maabara ya Bell huko Marekani mwaka 1954, iligeuza asilimia 6 hivi. Shika hiyo asilimia 20 kichwani, tutaitumia dukani.

Seli moja, iwe kubwa iwe ndogo, hutoa kama nusu volti. Haiwezi kuchaji hata simu. Kwa hiyo seli 36 hufungwa kwa mnyororo, mkia wa moja kwenye kichwa cha nyingine, na nusu volti 36 zinafanya volti 18 hivi paneli ikiwa kazini. Hiyo inatosha kuisukuma betri ya volti 12.

Sisi wa Kilimanjaro tuna mfano wa jambo hili migombani: mfongo, yaani mfereji wa maji ya kumwagilia. Volti ni kimo ambacho maji yanaporomoka kutoka, ampea ni wingi wa maji yenyewe. Mwanga ukiongezeka, kinachoongezeka hasa ni ampea. Volti hupanda asubuhi na mapema kisha inatulia. Na kwa kuwa seli zote 36 ziko kwenye mfongo mmoja, mgomba ukianguka mahali pamoja, wote walio chini yake wanakosa maji. Yaani seli moja ikifunikwa inakaba mkondo wa zile nyingine 35. Watu husema kivuli cha fimbo hakimfichi mtu jua. Paneli kinaificha.

Hesabu kabla ya pesa

Usianze kwa kuuliza paneli ya wati ngapi. Anza kwa kuandika unachotaka kiwake, wati zake, na saa ngapi kwa siku. Nyumba ya kawaida ya pale Pasua au Majengo inaweza kuwa hivi:

Taa 4 za LED za wati 7, saa 5 kila moja: 140
Televisheni ya inchi 32, wati 45, saa 5: 225
King'amuzi, wati 12, saa 5: 60
Simu 3, kila moja kama 15 kwa chaji kamili: 45
Redio ndogo, wati 10, saa 6: 60

Jumla ni 530. Hizo ni wati-saa. Ukigawa kwa 1,000 unapata uniti kama zile unazonunua za LUKU, kwa hiyo nyumba hii inakula nusu uniti na ushee kwa siku. Ongeza asilimia 30 kwa ajili ya kinachopotelea kwenye waya, betri, vumbi na inverta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Unapata kama 690.

Swali la pili ni jua unalopata. Siku ina saa 12 za mwanga, lakini zile wati zilizoandikwa nyuma ya paneli zilipimwa kiwandani chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, seli zikiwa na nyuzijoto 25. Mwanga wa namna hiyo unaupata karibu na saa 6 mchana siku ya anga safi. Saa za asubuhi na jioni ni vipande tu. Ukivikusanya vipande vyote, mimi kwa Moshi mjini na Arusha mjini nahesabu saa 4 za jua kamili kwa siku. Kwa wanaokaa juu, Kibosho, Uru, Machame, nahesabu 3, kwa sababu wingu la mlimani halina adabu. Kwa ndugu wa Kisongo au Boma Ng'ombe naweza kuthubutu 5. Hizi ni namba zangu za tahadhari. Mara nyingi utapata zaidi, na kupata zaidi hakujamuumiza mtu.

690 gawa kwa 4 ni 172, basi nunua wati 200, yaani paneli mbili za 100. Ukiwa Uru, 690 gawa kwa 3 ni 230, weka tatu. Friji sijaiweka hapa makusudi. Friji ya kawaida ya kuchomeka ukutani peke yake inaweza kula kuliko vyote hivyo kwa pamoja, na mtu anayeanza aanze na taa.

Dukani nenda na futikamba

Hapa ndipo wengi wanauziwa mbuzi kwenye gunia. Paneli imebandikwa "200W", muuzaji anaiweka juani, anagusisha mita ya kupimia umeme, inasoma volti 21, anatabasamu. Volti 21 haithibitishi kitu. Umeona kule juu kwamba volti hupanda hata kwa mwanga mdogo. Paneli ya wati 20 yenye seli 36 nayo itasoma 21.

Fanya hivi. Pima urefu na upana wa kioo kwa mita, zidisha upate eneo, kisha zidisha kwa 200. Jua kamili linatoa wati 1,000 kwa mita ya mraba, na paneli nzuri inachukua asilimia 20 yake, ambayo ni 200. Paneli yenye urefu wa mita 1 na upana wa nusu mita ina nusu mita ya mraba, kwa hiyo haki yake ni wati 100 hivi. Ikiwa imeandikwa 110, sawa. Ikiwa imeandikwa 200, kibandiko kinasema uongo, na huhitaji kubishana. Fizikia imeshabishana kwa niaba yako. Mimi mwenyewe niliwahi kununua "wati 150" iliyoingia vizuri kabisa kwenye kiti cha nyuma cha bodaboda kati yangu na dereva. Nilitakiwa kushtuka palepale.

Kipimo cha pili ni ampea. Weka mita kwenye upimaji wa ampea za mkondo mnyoofu, kwenye tundu la ampea 10, gusisha chanya na hasi za paneli moja kwa moja ikiwa imelitazama jua la mchana. Usiogope, paneli haiharibiki kwa kipimo hiki, ila usifanye hivyo kwa betri hata siku moja. Paneli ya kweli ya wati 100 itasoma karibu na ampea 6 siku ya jua kali. Ikisoma 2, umejua. Mwenye duka akikukatalia kupima, umejua pia.

Kontrola, kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri kusimamia uchaji, ziko za aina mbili. PWM ni ya bei nafuu na inaburuta paneli ifanye kazi kwa volti za betri, kwa hiyo volti 18 inashushwa hadi 13 hivi na tofauti inapotea. MPPT inabadilisha volti za ziada kuwa ampea. Kwa paneli moja ndogo PWM inatosha. Kwa paneli mbili na kuendelea, hasa kama unaishi kwenye wingu na ubaridi, lipia MPPT. Ukubwa wake: wati 200 gawa kwa volti 12 ni kama ampea 17, weka nafasi ya kupumua, chukua ya 30. Hakikisha pia volti inayoweza kubeba kwa upande wa paneli, maana asubuhi ya baridi volti za paneli hupanda kuliko zilizoandikwa.

Inverta chukua ile ya wimbi safi. Zile za bei rahisi zenye wimbi la ngazingazi zinafanya feni ilie na chaja zichemke.

Betri

Betri ya gari iache kwenye gari. Bamba zake ni nyembamba, zimetengenezwa zitoe mkondo mkubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini, si kushuka taratibu usiku kucha. Ya baba mkubwa ilikufa kwa hilo kabla hata masizi hayajaimaliza.

Betri za asidi na jeli za sola usizitumie chini ya nusu. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Halali yako ni 600. Ile nyumba ya 530 itaitumia yote kwa usiku mmoja, na siku ya pili ikiwa ya mawingu mtalala mapema. Ukichagua aina hii weka ya ampea-saa 200. Lithiamu ya fosfati ya chuma, ile inayoandikwa LiFePO4, inakubali kushuka hadi asilimia 20, kwa hiyo ya volti 12.8 na ampea-saa 100 inakupa kama 1,000: karibu usiku mbili. Bei yake inauma siku ya kununua, lakini inavumilia kujaa na kushuka mara nyingi zaidi ya ile ya asidi. Kwa maoni yangu, mtu mwenye pesa ya kununua kitu kimoja kizuri kwenye mfumo wake wote, anunue betri.

Betri ya asidi ikae mahali penye hewa, kwa sababu ikichaji inatoa gesi inayoshika moto. Isiwe chumba cha watoto, isiwe chini ya kitanda.

Mahali pa paneli

Kabla ya kutoboa bati, toa siku moja. Kaa uwanjani saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 9 alasiri, kila mara uangalie kivuli cha mparachichi, cha nguzo, cha tangi la maji, cha nyumba ya jirani kinaangukia wapi. Katika saa hizo paneli isiguswe na kivuli hata cha waya wa antena. Kumbuka mfongo: paneli ya seli 36 kwa kawaida ina daiodi mbili za kupitishia mkondo pembeni, kila moja ikilinda seli 18. Jani likifunika seli moja na daiodi ikaokoa nusu ya pili, unabaki na volti 9, na volti 9 haiwezi kuisukuma betri ya volti 12. Ndiyo maana jani moja la mgomba lilitosha kumnyima baba mkubwa taa. Na mgomba unakua, basi hesabu na kivuli cha mwaka ujao.

Upande ni rahisi kwetu kuliko kwa watu wengi duniani: elekeza mlimani. Moshi na Arusha ziko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, na Kilimanjaro iko kaskazini mwa Moshi kama Meru ilivyo kaskazini mwa Arusha. Jua la saa sita mchana linakuwa karibu utosini mwezi Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Desemba linaegemea kusini, lakini hapo, ukiacha siku za mvua za vuli, mwanga ni mwingi. Juni linaegemea kaskazini nyuzi kama 27 kutoka utosini, na Juni na Julai ndiyo miezi yetu ya mawingu na masweta. Paneli inayotazama mlima inakusaidia hasa kipindi ambacho kila fotoni ina thamani. Na usihofu kwamba mlima wenyewe utatia kivuli. Jua linapita juu sana.

Iinamishe nyuzi 10 hadi 15, isilale kabisa. Kwa paneli yenye urefu wa mita 1, inua ule upande wa kusini kwa sentimita 20 hivi na hesabu imeisha. Mwinamo huo ni kwa ajili ya mvua isafishe vumbi. Paneli iliyolala bapa inabaki na ukingo wa tope chini, na tope likifunika mstari wa seli, tumerudi kwenye habari ya mgomba. Kama paa lako linatazama kusini na huna pesa ya fremu, funga tu hapohapo. Kwa mwinamo mdogo, upande unapunguza kidogo. Kivuli kinapunguza vyote.

Acha nafasi ya sentimita 10 au zaidi kati ya paneli na bati ili hewa ipite. Kwa kila nyuzi moja juu ya 25, paneli ya silikoni hupoteza takriban asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu. Juu ya bati la Boma Ng'ombe saa 8 mchana seli inaweza kufika nyuzi 60, hiyo ni hasara ya zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kibosho kwenye ubaridi, wingu likifunguka, paneli inaruka kama ndama. Jikoni kwenye moto na moshi ndipo mahali pabaya kuliko pote ulipoweza kuchagua, na nilimwambia baba mkubwa kwa lugha laini kuliko hii.

Fremu ifungwe kwenye papi au kenchi, isiishie kwenye bati peke yake. Upepo wa Agosti unaijua tofauti. Kila tundu la bolti liwe juu ya mgongo wa bati, mahali maji hayapiti, na liwekewe raba. Bolti nyingine ziharibu kichwa baada ya kukaza, kwa ajili ya wageni wa usiku.

Waya, fyuzi, na mpangilio wa kuunganisha

Umeme wa volti ndogo unahitaji waya mnene. Chukua paneli zako mbili zikiwa sambamba: ampea 11. Betri iko mita 10 kutoka hapo, kwa hiyo kwenda na kurudi ni mita 20. Ukitumia waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, ule wa taa za nyumbani, karibu wati 29 kati ya 200 zinapotea kwa kuupasha waya joto. Ukitumia wa 4, zinapotea 11. Wa 6, kama 7 na nusu. Na kama una MPPT, funga paneli kwa mnyororo badala ya sambamba: volti zinapanda hadi 36, ampea zinashuka hadi 5 na nusu, na kwenye waya uleule wa 4 unapoteza wati 3 hivi. Maji machache kutoka juu zaidi, mfongo mwembamba unatosha.

Waya wa nje uwe ule wa sola wenye ganda mbili unaostahimili jua, na maungio yawe ya konekta za MC4 zilizobanwa kwa chombo chake. Kusokota na kuzungushia gundi nyeusi ni kuahirisha moto.

Weka breka kati ya paneli na kontrola, iwe imeandikwa DC, yaani ya mkondo mnyoofu. Breka ya kawaida ya nyumbani imezoea umeme wa TANESCO unaopita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, na cheche hufia hapo. Umeme wa paneli hauna sifuri. Cheche ikishawaka inaendelea kuwaka. Kwenye betri weka fyuzi upande wa chanya, isizidi sentimita 20 kutoka kichwa cha betri. Inverta ya wati 600 kwa volti 12 inaweza kuvuta ampea 60, basi fyuzi ya 80 na waya wa milimita 25 za mraba, mfupi kadiri inavyowezekana. Fremu ya paneli iunganishwe na ethi, nondo ya shaba iliyozama ardhini penye unyevu.

Siku ya kuunganisha, vua pete na saa. Funika paneli kwa blanketi, kwa sababu paneli haina swichi: maadamu kuna mwanga, kuna umeme. Kisha ufuatane hivi. Betri kwenye kontrola kwanza, ili kontrola itambue volti za mfumo. Chagua aina ya betri kwenye kontrola, maana ukiiacha kwenye asidi huku una lithiamu utakuja kulaumu duka bure. Baada ya hapo paneli. Mwisho matumizi. Inverta inaenda kwenye betri moja kwa moja kupitia fyuzi yake, haipitii kontrola. Wakati wa kufungua, rudi kinyume: matumizi, paneli, betri.

Kama nyumba ina umeme wa TANESCO, na wengi tuliingia sola kwa sababu ya mgao wa mwishoni mwa 2023, usichomeke inverta kwenye soketi ya ukutani ili "ilishe nyumba nzima". Umeme utarudi kwenye nguzo, na kuna kijana wa watu amepanda nguzo hiyo akijua imezimwa. Weka swichi ya kubadilisha chanzo, na kazi hiyo mpe fundi mwenye leseni ya EWURA.

Wiki ya kwanza na baadaye

Wiki ya kwanza andika volti za betri kila jioni jua likizama na kila alfajiri kabla halijachomoza. Betri ya asidi iliyopumzika ikisoma 12.6 imejaa, 12.2 iko nusu, 11.8 unaiua. Kwa lithiamu volti hazikuambii kitu hadi ikaribie kwisha. Tazama asilimia kwenye kontrola au kwenye kipimo chake. Kama kila alfajiri inashuka kuliko ya jana, matumizi yamezidi mavuno, na dawa ni kuongeza paneli, si betri. Betri ya pili kwenye paneli ileile ni debe la pili kwenye bomba lilelile.

Futa kioo kwa maji na kitambaa laini asubuhi na mapema, kabla hakijapata moto. Kiangazi cha Januari na Februari, na kwa watu wa barabara za vumbi, kila wiki mbili. Masika mvua itakufanyia.

Ya baba mkubwa tuliihamishia paa la nyumba kubwa, upande wa mlima, tukakata majani mawili ya mgomba na kununua betri nyingine. Alishika mita mwenyewe saa 6 mchana, ikasoma ampea 5.4 zikiingia kwenye betri. Nikamwambia aweke kiganja juu ya seli moja tu. Ikaanguka chini ya 1. Akakiondoa, ikarudi. Akakiweka tena, akakiondoa tena, mara nne au tano, kisha akamwita mama mkubwa aje aone.